Bando la simu, kiu ya kompyuta

Hotispoti yenyewe ni bure. Ukiiwasha, simu haidai ada, na MB iliyopita kwenda kwenye kompyuta huhesabiwa sawasawa na MB iliyoishia kwenye kioo cha simu. Ndiyo maana wengi hudhani kugawia kompyuta bando ni kama kumkaribisha mgeni chai: birika ni lile lile, kilichoongezeka ni kikombe. Hesabu inasema vingine.

Tuseme kuna mwalimu wa shule ya msingi katika kata ya Rugu, wilayani Karagwe. Jumanne jioni ananunua GB 1. Ana kazi mbili: kujaza taarifa zake za utendaji kwenye PEPMIS, mfumo ambao watumishi wa umma wanaujua kwa jina na kwa jasho, na kurekebisha orodha ya wanafunzi kwenye PReM ya Baraza la Mitihani. Zote mbili zinaweza kulazimishwa kwenye simu, lakini kujaza majedwali kwa kidole gumba ni adhabu. Anawasha hotispoti, anaunganisha kompyuta, anamaliza ndani ya saa moja. Saa 2 usiku anakwenda kula na kompyuta ameiacha inawaka. Akirudi, bando halipo.

Hakuibiwa. Jumanne ya pili ya kila mwezi Microsoft hutoa masasisho ya Windows kwa dunia nzima, saa 4 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwa saa zetu ni saa 2 au saa 3 usiku, kutegemea majira yao. Kifurushi cha mwezi huwa ni mamia ya MB, na mara nyingine huvuka GB 1. Kompyuta iliyo hewani usiku huo imekaa mbele ya foleni.

Kabla ya kuihukumu kompyuta, tujue kwanza MB moja ni shilingi ngapi. Bei za vifurushi hubadilika kila kukicha, kwa hiyo badala ya kufuata matangazo ya kampuni moja nitatumia mipaka iliyotajwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, mwaka 2021: MB moja isishuke chini ya shilingi 2.03 wala isipande juu ya shilingi 9.35. Hiyo ya kwanza niite sakafu, ya pili dari. Kwa bei ya sakafu GB 1, yaani MB 1,024, ni shilingi 2,079. Kwa bei ya dari ni shilingi 9,574. Kitu kile kile, tofauti ya zaidi ya mara nne na nusu, na kinachokuweka karibu na sakafu au dari ni bando ulilochagua na kama umelimaliza kabla muda wake haujaisha.

Mipaka hiyo ina historia yake. Utaratibu mpya ulianza kutumika Aprili 2, 2021, siku ya Ijumaa Kuu. Watu waliojiunga asubuhi hiyo wakakuta shilingi zao zinanunua MB kiduchu, kelele zikapigwa nchi nzima, na serikali ikaagiza bei mpya zisitishwe na za zamani zirudi. Nadhani ni mara chache sana bei ya bidhaa isiyoonekana wala kushikika imewaamsha Watanzania hivyo. Ila kanuni za wakati ule zilikuwa na mazuri yake ambayo yalimezwa na kelele: mteja aarifiwe bando likitumika asilimia 75 na likiisha kabisa, aweze kumhamishia mwenzake, na salio lake la kawaida lisiliwe kwa bei ya nje ya bando bila yeye kuridhia. Hiyo asilimia 75 tutairudia.

Ndani ya bei ya MB serikali nayo ina kikombe chake. Mwaka 2021 ushuru wa bidhaa kwa huduma za mawasiliano ulikuwa asilimia 17, kisha VAT ya asilimia 18 ikakokotolewa juu ya bei iliyokwisha kubeba ushuru huo. Ukitoa shilingi 1,000, karibu 276 zilikuwa kodi na 724 ndizo zilizonunua huduma.

Halafu kuna muda. Mwalimu wetu akinunua GB 1 ya saa 24 kwa bei ya sakafu, akatumia MB 600 na zilizobaki zikafa usiku, MB yake haikuwa ya shilingi 2.03 bali 3.47. Karagwe na Kyerwa wanalijua jambo la namna hii kwa jina la butura: mkulima mwenye shida ya leo anauza kahawa ikiwa bado maua shambani, na bei anapangiwa na shida yake. Serikali imepiga butura marufuku miaka nenda rudi, lakini ada ya shule na hospitali haijapigwa marufuku. Mtu wa bando la siku anafanana na huyo. Anajua kwamba la mwezi lingemfaa zaidi, ila mfukoni ana ya leo tu.

Sasa kazi zenyewe. Ukurasa wa kawaida wa tovuti siku hizi una uzito wa MB 2 na nusu hivi. Kurasa 20 za fomu ni MB 50: shilingi 102 kwa sakafu, 468 kwa dari. Yaani kazi yote iliyomfanya mwalimu anunue bando haikufika asilimia 5 ya bando hilo. Ndivyo ilivyo kwa kazi nyingi za kiofisi zinazoweza kufanyika Rugu: maombi ya mkopo wa mwanafunzi kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, maombi ya kazi kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, hesabu za shule au zahanati kwenye FFARS, zabuni kwenye NeST. Maandishi ni mepesi. Hata ukiambatisha vyeti vilivyopigwa picha, MB 10 au 20 zinatosha, mradi picha zisitoke kwenye kamera ya simu zikiwa na MB 5 kila moja bila kupunguzwa.

Uzito unaanza pale sauti na picha zinapoingia, na hapa inabidi tutofautishe vitu viwili ambavyo matangazo huvichanganya. Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, bando hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ina biti 8. YouTube yenyewe inapendekeza kasi ya megabiti 0.7 kwa video ya 360p na megabiti 2.5 kwa 720p. Gawa kwa 8, zidisha kwa sekunde 3,600, unapata uzito wa saa moja: MB 315 kwa ile ya chini, MB 1,125 kwa ile ya juu. Kwa shilingi za sakafu ni 639 dhidi ya 2,284. Kwa za dari, 2,945 dhidi ya 10,519. Kwenye kioo cha simu macho hayaoni tofauti kubwa kati ya 360p na 720p, na simu yenyewe mara nyingi inaridhika na kidogo. Kompyuta ina kioo cha inchi 14 au 15, na tovuti ikiona kioo kipana inapakua picha pana. Somo lile lile la fizikia, mtandao ule ule, lakini limekula mara tatu na nusu kwa sababu limetazamwa kwenye kioo kikubwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari anayefungua somo kwenye kompyuta ya kaka yake aguse kwanza alama ya gurudumu chini ya video na achague 360p mwenyewe. Ubao unasomeka.

Mkutano wa Zoom una mtego mwingine, kwamba unakula pande zote mbili. Kwa mazungumzo ya watu wawili yenye picha nzuri Zoom inataka kilobiti 600 kwenda na 600 kurudi. Jumla ni megabiti 1.2, sawa na MB 540 kwa saa: shilingi 1,096 kwa sakafu, 5,049 kwa dari. Zima kamera zote, baki na sauti, ambayo ni kilobiti 80 kwenda na 80 kurudi, na saa nzima inashuka hadi MB 72: shilingi 146 kwa sakafu, 673 kwa dari. Semina ya siku tatu ya saa nne kila siku, yenye picha, ni GB 6.3 hivi. Bila picha haifiki GB 1. Kama mwandaaji analazimisha kamera ziwashwe, mshiriki wa kijijini ana haki ya kumuuliza nani analipa.

Lakini hayo yote mtu anayafanya akijua. Kinachomaliza bando kimya kimya ni kazi ambazo hakuna aliyeziagiza. Turudi kwa mwalimu: alitumia MB 50, zikabaki 974. Sasisho la mwezi tuseme ni MB 600. Kwenye kona nyingine programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni inapandisha picha za mahafali, na kivinjari kinajisasisha chenyewe. MB 974 hazichukui muda. Na hayo ni masasisho ya mwezi tu. Toleo jipya la Windows linaweza kufika GB 3 na zaidi, ambazo kwa sakafu ni shilingi 6,236 na kwa dari ni 28,723.

Kwa nini kompyuta haina huruma? Kwa sababu haijui. Ikiwa na laini yake ndani, Windows hutambua kwamba ipo kwenye mtandao wa simu na hujizuia. Lakini hotispoti ya simu mara nyingi inaonekana kwake kama waifai yoyote, sawa na ya hoteli au ya chuo kikuu, na ukitumia waya wa USB inaona waya wa mtandao, kana kwamba umechomeka kwenye ukuta wa ofisi. Ajabu ni kwamba simu za Android huambizana: moja ikitoa hotispoti hupachika ujumbe mfupi wa kiufundi unaosema bando hili linapimwa, na simu nyingine inayoupokea inapunguza hamu. Usiitegemee Windows kuusoma ujumbe huo. Mtu wa Kagera angesema simu inakunywa rubisi kwa mrija, taratibu, ikijua kibuyu kina mwisho. Kompyuta inafika, inainua kibuyu kizima na kukimiminia kooni, maana kwao pombe hutoka bombani.

Dawa yake haigharimu kitu. Kwenye mipangilio ya Windows, chini ya mtandao na intaneti, fungua sifa za waifai uliyounganishwa nayo na uwashe alama inayosema muunganisho huu unapimwa. Kuanzia hapo sehemu kubwa ya masasisho inasubiri. Alama hiyo inakumbukwa kwa jina la hotispoti, kwa hiyo ukibadilisha jina la hotispoti au ukaazima simu ya jirani unaanza upya; na ukitumia USB, iwashe pia upande wa mtandao wa waya. Mafaili ya kuhifadhiwa mtandaoni uyasimamishe kwa mkono. Ni dakika mbili zinazookoa shilingi 1,218 kwa sakafu, au 5,610 kwa dari, kwa kila sasisho la MB 600. Simshauri mtu kuziba masasisho milele, kwa sababu ndiyo kinga ya kompyuta dhidi ya virusi vinavyotembea kwenye flashi za steshenari. Nashauri yachukuliwe siku moja iliyopangwa, kwa bando lililopangwa.

Kasi nayo ina hesabu yake. Karagwe ni nchi ya vilima, na mnara ulio nyuma ya kilima ni kama haupo. Kwa megabiti 1 kwa sekunde, MB 600 zinachukua dakika 80. Ukiwa bondeni na kasi ikashuka hadi kilobiti 200, ni saa 6 na dakika 40, na muda wote huo simu inafanya kazi mbili, kusema na mnara na kusema na kompyuta, huku ikipata joto. Betri ya simu ya mAh 5,000 ina nishati ya wati-saa 19 hivi, na simu inayotoa hotispoti kwa wati 2 na nusu itaikausha ndani ya saa 7 na nusu. Waya wa USB unasaidia, kwa sababu kompyuta inailisha simu: hadi wati 2.5 kwa tundu la USB 2.0 na 4.5 kwa USB 3.0. Tundu la zamani linaizuia isishuke tu.

Umeme wenyewe ni bei ya kuchekesha, kwa aliyenao. Kwa miaka mingi Kagera ilipata umeme kutoka Masaka, Uganda, ukipitia kituo cha Kyaka, na pale Murongo, Kyerwa, bwawa la Kikagati la megawati 14 juu ya Mto Kagera linagawiwa nusu kwa nusu na Uganda. Mteja mdogo wa TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi. Kuijaza simu moja, pamoja na upotevu, ni uniti 0.025: shilingi 3. Saa moja ya kompyuta ndogo ni karibu hiyo hiyo. Ambaye hana umeme na anapeleka simu kibandani kwa shilingi 300 analipa mara 100 zaidi kwa nishati ile ile, na kwake saa za hotispoti ni ghali kabla hata bando halijaguswa.

Mbadala ni safari. Mtu wa Rugu mwenye fomu ya kutuma anaweza kupanda bodaboda hadi Kayanga au Omurushaka, akakaa steshenari akalipa kwa huduma. Sitaji nauli, kila mtu ana yake na mvua ina yake. Chukua kipimo hiki: kila shilingi 10,000 unayompa bodaboda ni GB 4.8 kwa bei ya sakafu, au GB 1 na chenji kidogo kwa bei ya dari. Kwa kazi ya MB 50, hotispoti inashinda kwa vyovyote, hata kwenye dari. Kwa kupakua toleo zima la Windows kwa bei ya dari, bodaboda inashinda, hasa kama una shughuli nyingine mjini.

Je, hii ni ghali kwa Mtanzania? Julai 2020 Benki ya Dunia iliihamishia Tanzania kwenye kundi la kipato cha kati cha chini kwa pato la dola 1,080 kwa mtu kwa mwaka, sawa na dola 90 kwa mwezi. Lengo la kimataifa lilikuwa intaneti ya msingi, ambayo Shirika la Mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, huipima kwa GB 2, isizidi asilimia 2 ya pato hilo ifikapo 2025. Asilimia 2 ni dola 1.80, shilingi 4,140 hivi kwa kubadilisha kwa 2,300. Na GB 2 kwa bei ya sakafu? Shilingi 4,158. Karibu pale pale. Kwa dari ni shilingi 19,149, zaidi ya asilimia 9. Mkulima wa migomba asiyefikia hizo dola 90 ana asilimia zake mwenyewe. Tena hizo GB 2 ni za simu. Mpe kompyuta, na video moja ya 720p ya saa moja na dakika 50 imezimaliza.

Tukiinua macho hadi mnara, namba zinabadilika ukubwa. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulisaini na kampuni za simu mkataba wa minara 758 katika kata 713 za vijijini. Gharama ilitajwa kuwa shilingi bilioni 265.3, ambapo ruzuku ya serikali ni bilioni 126. Kwa wastani ni shilingi milioni 350 kwa mnara. Kwa bei ya sakafu inabidi ziuzwe GB 168,000 na zaidi kuurudisha mnara mmoja. Watu 1,000 wakinunua GB 2 kila mwezi, ni miaka 7, kabla ya kulipa kodi, umeme, mlinzi na fundi. Ndiyo maana kata nyingi zilisubiri ruzuku. Na kwa mtazamo wa mwenye mnara, mwalimu wetu anayeunguza GB 1 usiku mmoja kwa ajili ya Windows ni mteja mzuri kuliko jirani yake wa sauti na ujumbe mfupi.

Wa Kyerwa wana la ziada. Mpakani mwa Uganda na Rwanda simu huona minara ya ng'ambo, na simu yenye romingi iliyowashwa inaweza kushika mtandao wa nje ukiwa umekaa kwako unamenya ndizi. Zima romingi ya data kabla ya kuwasha hotispoti. Kompyuta haitakuuliza uko nchi gani.

Kwa aliye Rugu, jambo la mwisho ni mahali pa kuweka simu. Faida kubwa ya waifai juu ya waya ni kwamba simu inaweza kuning'inia dirishani, upande unaotazama mnara, na kompyuta ikabaki mezani. Chagua masafa ya 2.4 GHz, yanapenya ukuta wa tofali vizuri kuliko ya 5. Hapo ndipo ile arifa ya asilimia 75 inapopotea. Inaingia kwenye simu iliyoko dirishani, huku mwenyewe amekaza macho kwenye kompyuta. Kwa hiyo usiitegemee. Simu za Android zina kikomo cha data unachoweza kujiwekea, na kikifikiwa simu inakata intaneti yenyewe. Kwa bando la GB 1, weka MB 800. Sasisho likikatika njiani halianzi upya. Litaendelea pale lilipoishia, siku utakayopita Kayanga ukakuta waifai ya mtu mwingine.